Barua zilezile 62 kila asubuhi

Simu ya aina hii huwa naitambua kwa sentensi ya kwanza: "Nimefungua barua pepe zimeingia mia kadhaa, na zote nilishazisoma." Kwa bahati mbaya anayepiga huwa ameshazifuta kwa hasira kabla hajaniita, na ushahidi umekwenda nazo.

Basi ombi langu la kwanza ni kwamba usifute. Chukua barua moja iliyoingia mara mbili, fungua chanzo cha nakala zote mbili, yaani ule ujumbe mbichi wenye vichwa vyote, kisha tafuta mistari inayoanza na Received. Kila seva inayoipokea barua njiani hubandika mstari wake pamoja na saa, mfano wa mihuri ya posta kwenye bahasha. Mihuri ya nakala zote mbili ikifanana hadi sekunde, kwa kawaida barua ilifika kwenye seva mara moja tu, ila programu yako imeichukua mara mbili. Ikitofautiana, barua yenyewe ilifika mara mbili, na hapo hata ukeshe unasanidi upya programu yako hutaambulia kitu. Wengi hukimbilia kulinganisha Message-ID, yaani kitambulisho cha barua yenyewe. Haisaidii, maana hiyo hubandikwa kule ilikoanzia barua na mara nyingi huwa ileile katika hali zote mbili.

Hali ya barua kufika mara mbili sitakaa nayo sana. Mara nyingi anwani yako imo ndani ya kundi na mtumaji kakuandika pia peke yako, au kuna kanuni ya kuelekeza barua uliyoiweka mwaka juzi ukaisahau. Sababu moja tu ndiyo ya kupendeza: katika SMTP, yaani utaratibu ambao seva hutumia kutumiana barua, seva inayotuma ikimaliza kutoa ujumbe husubiri jibu la 250, maana yake "nimeipokea". Inayopokea ikichelewa kujibu, labda kwa kuwa inakagua virusi kwanza, mtumaji huchoka, hukata, na baadaye hutuma tena, ilhali mpokeaji alishaipokea. Tatizo hili lilielezwa katika RFC 1047, mojawapo ya nyaraka za kiufundi za intaneti, mwaka 1988. RFC 5321 inamtaka mtumaji asubiri jibu hilo dakika 10 kabla ya kukata tamaa, lakini wako wasimamizi wa seva wanaopunguza muda huo wakidhani wanaharakisha kazi.

Turudi kwa programu inayochukua barua moja mara mbili. Hapa mshukiwa mkuu ni POP3, utaratibu wa kushusha barua kutoka kwenye seva hadi kwenye kompyuta yako, na ili umwelewe lazima ujue kwamba seva ya POP3 haikumbuki wewe ulishasoma nini. Anayepaswa kukumbuka ni programu yako. Kwa amri ya UIDL seva hutoa orodha ya barua zilizopo, kila moja na kitambulisho chake cha herufi 1 hadi 70, na programu hulinganisha orodha hiyo na daftari lake: hiki ninacho, hiki sina, basi nichukue. Thunderbird huandika daftari hilo katika faili liitwalo popstate.dat, fetchmail katika .fetchids. Faili likiharibika, likifutwa, au ukihamia kompyuta mpya bila kulibeba, programu inaamka kama mtu aliyepoteza fahamu na kuanza kuchukua kila kitu upya. Ukiwa umechagua kuacha nakala kwenye seva, "kila kitu" kinaweza kuwa barua za miaka sita.

Daftari likiwa zima, angalia upande wa pili: je, vitambulisho vyenyewe vimebadilika? Hili hutokea siku seva inapohamishwa. Dovecot, programu ya seva ya barua, kwa chaguo-msingi hutunga kitambulisho cha POP3 kutokana na UID ya barua (namba yake kisandukuni) na UIDVALIDITY ya kisanduku (namba ya toleo la kisanduku chenyewe), katika mpangilio ambao hadi toleo la 2.3 uliandikwa %08Xu%08Xv. Seva ya awali ikiwa ilitumia mtindo mwingine, barua ni zilezile lakini majina ni mageni, na programu za watumiaji wote zitazichukua upya siku hiyohiyo. Anayehamisha seva anapaswa kubeba vitambulisho vya zamani au kulinganisha mpangilio kabla ya kuhama; Dovecot ina chaguo la pop3_uidl_format kwa ajili hiyo. Ukishachelewa, acha zishuke zote mara moja, kisha ondoa zilizojirudia kwa kutumia Message-ID, ambayo hapa sasa ndiyo ina faida.

Lakini kisa kilichonifundisha zaidi hakikuwa na daftari lililopotea wala seva iliyohama. Mteja mmoja alikuwa akipokea barua 62 kila asubuhi, zilezile, kwa mpangilio uleule. Anazifuta, kesho zimerudi. Alikuwa ameweka programu ifute barua kwenye seva baada ya kuzichukua, na yenyewe haikuweka daftari lolote. Iliamini tu kwamba ilichokwisha kuchukua hakipo tena. Nikakagua mipangilio mara tatu. Safi. Niliposoma logi za seva, yaani kumbukumbu zake za matukio, ndipo nikaona: kila kikao kiliishia na Connection closed (muunganisho umekatika) badala ya Logged out (ameaga).

Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo kisa kizima. RFC 1939 ya mwaka 1996, inayoeleza POP3, inagawa kikao katika hatua tatu: kujitambulisha, kufanya kazi, na kusasisha. Ukituma DELE, amri ya kufuta, katika hatua ya pili, seva haifuti barua. Inaiwekea alama tu. Kufuta kwenyewe kunafanyika katika hatua ya tatu, na huko hakufikiwi ila kwa amri ya QUIT, yaani kuaga. Kikao kikikatika kabla ya kuaga, seva haina ruhusa ya kuondoa hata barua moja. Ukikaa kimya mpaka ikufungie yenyewe, hali ni hiyohiyo. Ni uamuzi wa busara, kwa maoni yangu: afadhali upate barua mara mbili kuliko kuikosa kabisa.

Sasa kwa nini kikao kilikatika? Barua ya 63 ilikuwa na kiambatisho kikubwa mno. Antivairasi kwenye kompyuta ilijiweka katikati ya programu na seva, ikawa inaimeza barua nzima ili kuikagua kabla ya kuipitisha. Programu ikasubiri, haikuona hata baiti moja, muda wake ukaisha, ikakata. Barua 62 za mwanzo zilikuwa zimeshashuka na kuwekewa alama za kufutwa, lakini QUIT haikufika. Kesho yake zilianza tena kutoka namba moja. Ni kuteka maji kwa pakacha.

Ukitaka kuthibitisha jambo la namna hii, ingia kwenye seva kwa mkono ukitumia openssl, programu inayofungua muunganisho uliosimbwa:

openssl s_client -quiet -crlf -connect SEVA-YAKO:995

Kisha USER na jina lako, PASS na nenosiri, halafu UIDL. Fanya hivyo mara mbili kwa kupishana dakika chache na ulinganishe vitambulisho. Tena usisahau -quiet. Bila hiyo, mstari ukianza na Q kubwa, openssl huichukua kuwa amri yake yenyewe na kukata muunganisho. Yaani unaandika QUIT kwa adabu zote, nayo haifiki kwenye seva, na barua ulizozifuta zinabaki palepale. Niliwahi kupoteza mchana mzima nikiilaumu seva isiyo na hatia kwa ajili ya herufi hiyo. R nayo ina tabia kama hiyo, kwa hiyo RETR, amri ya kuchukua barua, inaweza kukushangaza. Ukipenda andika amri kwa herufi ndogo, POP3 haijali.

Watumiaji wa IMAP, utaratibu mwingine wa kusoma barua, mna afya zaidi, kwa kuwa barua hukaa kwenye seva na programu huonyesha tu kioo chake. UIDVALIDITY ikibadilika, programu hutupa akiba yake na kupakua upya, jambo linalokula muda na data lakini halizai nakala mbele ya macho. Mkiona nakala, angalieni kama akaunti ileile haikuwekwa mara mbili, moja kwa IMAP na nyingine kwa POP3, zote zikimwaga barua katika kisanduku kimoja. Nimeiona mara nyingi kuliko ningependa kukiri.

Yule mteja tulimtoa kwa kuingia kupitia kivinjari na kuihamisha barua ya 63 nje ya kisanduku cha kuingilia, kisha nikazima ukaguzi wa barua katika antivairasi, nikiacha ule wa mafaili, ambao hukikagua kiambatisho kinapofunguliwa. Asubuhi iliyofuata zile 62 zilishuka kwa mara ya mwisho pamoja na 24 zilizokuwa zimekwama nyuma ya ile kubwa. Logi ilisoma Logged out, na del=86/86, yaani zote 86 zimefutwa.