Je, wajua? Meno ya Freddie Mercury siyo yaliyompa ile sauti

Ukimtaja Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, popote pale penye wapenda rock, lazima atatokea mtu aseme jamaa alikuwa na meno manne ya ziada ndo maana sauti ilikuwa vile. Na hiyo hadithi ina nguvu sana kwa sababu mwenyewe alikuwa anaiamini, pesa ya kuyarekebisha alikuwa nayo, ila hakukubali kuyagusa kwa hofu kwamba sauti ingebadilika. Sasa kama mwenye sauti aliamini hivyo, shabiki atabisha nini?

Ila ngoja tuliangalie vizuri. Meno ya ziada ni kweli alikuwa nayo, yalibanana kinywani yakayasukuma ya mbele yakatokeza nje, mpaka shuleni India wenzake wakampachika jina la Bucky. Angalia mahojiano yake ya zamani utaona anavyouvuta mdomo wa juu ili yasionekane, au anaweka mkono mdomoni akicheka. Hiyo sehemu ya hadithi iko sawa kabisa. Shida ni kwamba sauti haizaliwi mdomoni, inazaliwa kooni, kwenye nyuzi mbili ndogo za nyama ambazo zinafunguka na kufunga kwa kasi hewa ikitoka mapafuni, na kupanda juu au kushuka chini kunategemea urefu wa hizo nyuzi, unene wake na jinsi mtu anavyozikaza. Meno, ulimi na midomo kazi yao inakuja baadaye, vinaipa sauti umbo na matamshi. Kwa hiyo hofu yake ilikuwa na msingi kidogo, maana ukimbadilisha mwimbaji kinywa, matamshi yanaweza kubadilika, pengine na mlio ukabadilika kidogo, ila zile noti za juu hazikuwa zinatoka kwenye meno. Wapo watu kibao wenye meno yaliyobanana na hawaimbi chochote.

Kuna na ile ya kwamba sauti yake ilifika oktavu nne (oktavu ni umbali wa kutoka do moja hadi do inayofuata), ambayo inarudiwa kila mahali. Mwaka 2016 kundi la watafiti wa sauti, akiwemo Christian Herbst wa Austria, walichapisha vipimo walivyofanya kwenye rekodi zake, wakapata nusutoni 37 (nusutoni ni hatua moja ndogo kwenye piano, na kumi na mbili zinafanya oktavu moja), yaani oktavu tatu na kanusutoni kamoja juu yake. Ya nne hawakuiona. Hawakusema hakuwa nayo, walisema tu kwenye rekodi walizopima haipo. Halafu wakasikiliza mahojiano yake sita, sauti yake ya kuongea ikawa inacheza kwenye mitetemo kama 117 kwa sekunde, na hiyo ni kawaida ya mtu wa baritoni, yaani sauti ya kiume ya kati kuelekea chini. Yaani huyu tuliyezoea kumsikia juu kabisa kama tenori, ile sauti ya kiume ya juu, inawezekana kabisa kwa maumbile alikuwa mtu wa chini.

Maisha yake nayapitia haraka. Farrokh Bulsara, kazaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, wazazi Waparsi (jamii ya India yenye asili ya Uajemi), baba keshia wa mahakama chini ya serikali ya Waingereza. Akiwa na miaka 8 akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, huko ndo akapiga piano kwenye bendi yake ya kwanza. Karudi Zanzibar 1963, Mapinduzi ya Januari 1964 yakatokea na familia ikakimbilia Feltham, pembeni ya London. Queen ilianza 1970, mwaka 1985 akaushika uwanja mzima wa Wembley kwa dakika ishirini hivi, tarehe 23 Novemba 1991 akatangaza ana UKIMWI na kesho yake akafariki, miaka 45 tu.

Sasa turudi kooni. Ule mkwaruzo wake, pale anaposukuma noti kwa nguvu na sauti inakuwa kama imepasuka lakini noti yenyewe haiyumbi hata kidogo, unatoka wapi? Juu ya nyuzi za sauti kuna mikunjo mingine miwili, nyuzi za bandia tuseme, ambayo wengi wetu hatuitumii kabisa tukiongea wala tukiimba. Waimbaji wa koo wa Tuva, kule Siberia, wao wanaitumia makusudi. Sasa fikiria watu wawili wanatwanga kinu kimoja, mmoja ana mchi mwepesi anapiga haraka haraka, mwingine ana mchi mzito na anapiga mara moja kwa kila mapigo matatu ya mwenzake, bila kukosea. Utasikia mdundo wa haraka uko palepale, ila chini yake umezaliwa mdundo mwingine wa polepole, mzito. Na kama yule wa mchi mzito angekuwa anapiga hovyo, ungesikia kelele tu. Huo mpangilio wa tatu kwa moja ndo watafiti waliouona, nyuzi za kweli zinatetemeka mara tatu, za bandia mara moja, zimeshikana.

Hapo lazima niweke tahadhari, maana koo lenyewe halikuwa lake. Freddie alishafariki, kwa hiyo walimtumia mwimbaji mwingine wa rock anayemuiga, wakaingiza kamera inayopiga picha zaidi ya 4,000 kwa sekunde. Ni dalili nzuri sana, siyo ushahidi wa moja kwa moja.

Hili la baritoni hata Montserrat Caballé, yule mwimbaji wa opera wa Hispania aliyerekodi naye albamu, alishalisimulia, kwamba alimwomba waimbe pamoja yeye soprano, sauti ya juu ya kike, na Freddie baritoni, Freddie akakataa, akasema mashabiki wanamjua kama mwimbaji wa rock na hawataitambua sauti yake.

Ukitaka kulisikia kwa masikio yako, tafuta mahojiano yake yoyote, sikiliza anavyoongea dakika mbili, halafu weka rekodi ya Queen iliyotolewa vyombo ikabaki sauti peke yake. Vaa hedifoni. Zile sehemu anapopandisha kwa nguvu, usifuate noti ya juu, tega sikio chini yake.