Mwanga maradufu katika matabaka yaliyozungushwa

Ile leza ya kijani ambayo walimu huonyeshea ubaoni kwa kawaida haizai kijani moja kwa moja. Ndani yake huzaliwa mwanga usioonekana, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, kisha fuwele ndogo huugeuza kuwa wa nanomita 532, ndio kijani chenyewe. Zimeingia fotoni mbili, yaani chembe za mwanga, imetoka moja yenye nishati ya zote mbili. Huko ndiko kuzidisha marudio ya mwanga (idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde) maradufu, jambo lililoonekana mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, leza ya rubi ilipopitishwa kwenye kwatzi.

Si kila fuwele inaweza. Chukulia elektroni ni mtoto kwenye bembea na mwanga ndio unaomsukuma. Ikiwa kila atomu ina pacha wake upande wa pili wa kitovu kimoja, bembea hufika mbali sawasawa mbele na nyuma, na mwanga maradufu haupatikani. Ulinganifu umeupiga marufuku. Bembea ikielemea upande mmoja, unatokea.

Tazama molibdeni disalfaidi, fuwele ya molibdeni na salfa iliyopangwa kwa matabaka. Tabaka lake moja, jembamba kuliko nanomita moja, halina kitovu hicho, hivyo linang'aa. Matabaka mawili yanavyopangana kiasili karibu hayatoi kitu, maana la pili limelala kinyume cha la kwanza. Ongeza la tatu, mwanga huo unarudi!

Sasa yabandike kwa pembe unayotaka wewe. Yakielekea upande mmoja, mwangaza ni mara nne ya tabaka moja, si mara mbili, kwa sababu yanayojumlishwa ni mawimbi, na wimbi likiwa mara mbili mwangaza huwa mara nne. Kwenye nyuzi 30 ni mara mbili. Kwenye nyuzi 60 mawimbi yanauana.

Grafini, yaani kaboni yenye unene wa atomu moja tu, inashangaza zaidi. Tabaka lake lina kitovu cha ulinganifu, kwa hiyo ni bubu. Lakini weka bubu wawili, mmoja juu ya mwingine, umzungushe wa juu kidogo: kitovu kinapotea na marufuku inaondoka. Ukitandaza chandarua juu ya chandarua utaona michoro mikubwa kuliko matundu yenyewe. Kwenye grafini, pembe ya nyuzi 1.1 huchora michoro inayojirudia kila nanomita 13 hivi.

Maabara hutumia mwanga huu kupimia pembe. Sampuli ya molibdeni disalfaidi huzungushwa chini ya leza, na mwangaza unaorudi huchora ua la petali sita. Petali zinakoelekea ndiko fuwele ilikolala.