Haicheng 1975: si nyoka waliotabiri tetemeko

Imesimuliwa kwa miaka mingi kwamba nyoka waliotoka mashimoni katikati ya baridi, pamoja na wakulima wa kujitolea waliochungulia visima, ndio waliotabiri tetemeko la Haicheng, China, tarehe 4 Februari 1975. Nyoka walionekana kweli. Lakini kilichowatoa watu majumbani hasa ni mamia ya mitetemo midogo iliyoanza siku chache kabla, ikashika kasi, kisha lile kubwa, la ukubwa wa 7.3, likapiga saa 1:36 usiku. Tangshan, mji mwingine wa China uliopigwa na tetemeko Julai 1976, haukupata mitetemo tangulizi ya namna hiyo. Walikufa zaidi ya watu 240,000.

Vifaa vya wakulima wale wa kujitolea vilikuwa rahisi: vyuma viwili vilivyochomekwa ardhini, waya, na mita ya kupima umeme mdogo wa ardhini. Taabu ni kwamba chuma hushika kutu, mvua hubadili unyevu wa udongo, na pampu ya shambani huvujisha umeme. Mshale unaruka, ardhi imetulia tuli. Hata maji ya kisima hupanda shinikizo la hewa likishuka tu.

Ukiletewa utabiri, uliza: eneo, siku na ukubwa viliandikwa kabla? Kisha linganisha na kinachoweza kutokea kwa bahati tu. Dunia hupata matetemeko ya ukubwa wa 5 na kuendelea yapatayo 1,500 kwa mwaka, kama manne kila siku. Anayesema “wiki hii, 5, ukanda wa Pasifiki” hajatabiri kitu.