Scolari, beki wa mguu wa mbao

Huwa nawaambia mabeki wangu mazoezini wanabaki wanacheka: yule kocha aliyebeba Kombe la Dunia na Brazil 2002 mwenyewe alikuwa beki wa kawaida sana, wa kubutua. Luiz Felipe Scolari alichezea klabu ya Caxias huko kusini mwa Brazil, akaja kumalizia klabu ya CSA ya Maceió, na jina la utani aliitwa perna de pau, yaani mguu wa mbao. Kwa Mbrazili hilo ni tusi kabisa.

Sasa mi naona ubeki ule ndo ulimsaidia. Mtu asiye na kasi wala chenga anaijua ile hofu ya kugeuka nyuma ukakuta uwanja mtupu. 2002 alikuwa na Cafu na Roberto Carlos, mabeki wa pembeni wanaopenda kupanda kushambulia, ambao kuwaambia wabaki nyuma ni kuwaonea tu, basi akapanga mabeki watatu wa kati, Lúcio, Roque Júnior na Edmílson, mbele yao Gilberto Silva, ambaye namba aliipata baada ya kapteni Emerson kuumia bega akidaka mazoezini (ndo maana mchezaji wangu wa ndani akivaa glavu napuliza filimbi).

Ila wa kumwangalia ni Edmílson. Timu ikiwa na mpira anapanda anakuwa kiungo, ikiupoteza anarudi kati ya wale wawili. Mechi na Costa Rica alipanda mpaka kwenye boksi, mpira ukaja juu tena nyuma yake kidogo, akapiga tikitaka, goli. Beki huyo! Mechi zote 7 walishinda, wakaruhusu magoli 4 tu, mawili ya Costa Rica hao hao.

2014 karudi na Brazil, safari hii mabeki wa kati wawili. Nusu fainali na Ujerumani, Belo Horizonte, beki Thiago Silva kafungiwa kwa kadi, kaingia Dante, na beki mwenzake David Luiz anapanda kama Edmílson ila nyuma hakuna wa kuziba. Magoli manne ndani ya dakika sita, mwisho 7-1. Watu wanasema mshambuliaji Neymar hakuwepo, sawa, Neymar angemkaba nani? We rudia goli la tano tu: Khedira na Özil wanapasiana ndani ya boksi kama wako mazoezini, hakuna hata beki wa kuwabutua.