Anayekudai ni nani? Kuchagua asili ya mhusika katika Dragon Age: Origins

Riziki yangu ni kuandika mazungumzo ya magemu, yale matawi ya maneno ambayo mchezaji huyachagua kwenye skrini akidhani yamejiotea yenyewe. Ndiyo maana naulizwa sana na watu wanaoanza Dragon Age: Origins, gemu la hadithi ambalo kwanza unachagua asili ya shujaa wako, yaani alikozaliwa na kwa nani: nianze na asili ipi? Jibu linalozunguka kila mahali ni kwamba uanze na mtoto wa kabaila wa kibinadamu, eti hadithi ilishonwa kwa kipimo chake. Sikubaliani nalo. Nitafichua mengi humu. Gemu lilitoka Novemba 2009, lakini kama bado hujafika hata Ostagar, penye vita vikubwa vya mwanzo, na unapenda kushtukizwa, funga ukurasa, urudi ukishamaliza.

BioWare, studio ya Edmonton kule Kanada, waliandika mianzo sita. Yupo mtoto wa kabaila wa Highever. Yupo mchawi aliyelelewa mnarani chini ya ulinzi wa askari wa dini. Waelfi, wale watu wa masikio marefu, ni wawili: wa mjini, anayeishi Denerim katika mtaa uliozungushiwa ukuta, na wa porini, anayehamahama na ukoo wake. Wadwafu, watu wafupi, nao wawili, wote wa Orzammar, jiji lililochimbwa chini ya milima: mwana wa mfalme, na mtu asiye na tabaka lolote. Kila mwanzo unachukua saa moja hivi, au zaidi ukiwa mdadisi. Kisha anatokea Duncan, anakuingiza katika Grey Wardens, kikosi kinachopigana na mazimwi ya chini ya ardhi, na kuanzia hapo wote sita wanapita njia moja: vita vya Ostagar, usaliti wa Loghain, jemadari wa mfalme, kuzunguka nchi ya Ferelden kutafuta washirika, baraza la makabaila, na mwisho joka kuu.

Watu wanachagua kwa kutazama ile saa ya kwanza. Mwanzo upi unasisimua, upi una huzuni, upi unampa mhusika mavazi mazuri. Mimi natazama saa ya ishirini. Mwanzo ni mkopo: gemu linakupa ndugu, rafiki, adui na mtaa, halafu linakuondoa pale, na huko mbele linakuja kudai. Swali la maana ni deni hilo litadaiwa wapi, na litabadilisha nini katika uamuzi ambao wachezaji wote wanalazimika kuufanya.

Orzammar ndiko jambo hili limeandikwa vizuri kuliko kokote. Mchezaji yeyote, awe na asili yoyote, atafika huko akute mfalme Endrin amekufa na wawili wanagombea kiti. Mmoja ni Bhelen, mwanawe mdogo; mwingine ni Harrowmont, bwana mzee, mstaarabu, ambaye watu wanasema mfalme mwenyewe alimtaka. Mgeni akizungumza na pande zote mbili, moyo wake unaelekea kwa Harrowmont. Mtu wa heshima, hana makuu. Bhelen ni mjanja, ana haraka, na ananuka damu. Ila ukimtawaza Harrowmont, maelezo ya mwisho wa gemu yanakuonyesha jiji linalozidi kujifungia na wasio na tabaka wakizidi kukandamizwa. Ukimtawaza Bhelen, unapata dikteta anayelifuta baraza la wadwafu, lakini anafungua biashara na watu wa juu na kuwalegezea minyororo wale wa chini. Ni uamuzi uliosukwa kwa ufundi, hata kwa mtu asiye na uhusiano wowote na Orzammar.

Sasa uucheze kama mdwafu wa kifalme. Wewe ni mtoto wa pili wa Endrin. Bhelen ni mdogo wako. Katika saa ya kwanza amekunong'oneza kwamba kaka yenu, Trian, anapanga kukuua. Ufanye utakalo, umwamini usimwamini, Trian anakutwa amekufa, wewe unasingiziwa kwa njama ya Bhelen, na unatupwa kwenye mahandaki ya mazimwi ukafie huko. Anayekusomea hukumu ni Harrowmont, naye unaona wazi kuwa jambo lenyewe linamuuma. Miezi inapita, unarudi, na gemu linakuuliza kwa sauti ileile ya upole: nani awe mfalme? Hakuna mstari hata mmoja unaohitaji kukukumbusha. Kumpa Bhelen kiti kwa sababu ya sera zake kunakuwa kitendo kigumu mno, na wachezaji wengi hawakiwezi. Wanamuua na kuwaacha wasio na tabaka walipe gharama ya kisasi hicho.

Halafu uucheze kama asiye na tabaka. Umezaliwa Dust Town, una chapa usoni, na unamfanyia kazi chafu jambazi aitwaye Beraht. Dada yako, Rica, anafundishwa kusoma mashairi na kuvaa vizuri ili apate bwana mkubwa wa kuzaa naye, kwa sababu kwa sheria ya Orzammar mtoto wa kiume hurithi tabaka la baba, na mama yake huinuliwa pamoja naye. Baada ya kuondoka kwako, Rica anafanikiwa. Unarudi unamkuta ikulu, amevaa vizuri, amezaa mtoto wa kiume. Baba wa mtoto ni Bhelen.

Muuaji yuleyule, ambaye sasa ni shemeji. Mwandishi hakugusa njama hata kidogo: wagombea ni walewale, kazi unazotumwa ni zilezile, na mwisho haukubadilika. Kilichobadilika ni mahali ulipozaliwa, na uamuzi umegeuka juu chini. Kwangu hiki ndicho kilele cha gemu zima, na ndiyo sababu jibu langu kwa anayeanza ni moja: chukua mdwafu. Yeyote kati ya wawili. Mimi nampendelea asiye na tabaka, kwa kuwa mwana wa mfalme anaanza na cheo, na cheo kinazoeleka haraka.

Ipo sababu ya pili, ya kiufundi zaidi. Mchezaji mgeni hajui kitu kuhusu Ferelden. Atauliza mfalme ni nani, askari wa dini ni akina nani, kwa nini wachawi wanafungiwa. Mdwafu ambaye hajawahi kuona jua ana haki ya kuuliza yote hayo. Kutojua kwako na kutojua kwake kunalingana. Mtoto wa kabaila alipaswa kuyajua tangu utotoni, na kila unapochagua swali la kijinga kinywani mwake, mhusika anavunjika kidogo. Wengi hawaligundui hilo kwa akili. Wanahisi tu kwamba mtu wao hana uzito.

Simdharau huyo mtoto wa kabaila. Mwanzo wake ni imara. Howe, rafiki wa familia, anavamia ngome usiku, shemeji yako na mtoto wake mdogo wanauawa vyumbani mwao, na baba yako anayevuja damu anakukabidhi kwa Duncan kwa masharti. Baadaye kila mchezaji atapambana na Howe. Kwa wengine ni kibaraka tu wa Loghain, kwako ni usiku ule. Tena huyu ndiye pekee anayeweza kuingia katika ndoa ya kifalme: mwanamke anaweza kuwa malkia wa Alistair, mwenzako wa Grey Wardens mwenye damu ya kifalme, mwanamume mume wa Anora, malkia aliyefiwa na mfalme. Ukiwa unataka taji, hapa ndipo mahali. Lakini kisasi dhidi ya Howe hakina mvutano wowote. Hakuna anayekushauri umsamehe, na hupotezi chochote ukimuua. Deni linalipwa taslimu na mambo yanaisha.

Mwelfi wa mjini ni habari nyingine, na ndiye ninayemweka wa tatu baada ya wadwafu. Siku ya harusi yako, Vaughan, mtoto wa mtawala wa Denerim, anaingia na marafiki zake na kuwabeba wanawake. Unamfuata. Ukimkuta, anakupa pesa, sovereini arobaini, uondoke umwache. Wengi wanamuua palepale, na wana haki. Mchezaji mwenye asili nyingine anakuja kumkuta Vaughan baadaye, akiwa mfungwa kwenye gereza la nyumba yake mwenyewe, akimwomba amfungulie. Kwa malipo atampa kura yake kwenye baraza la makabaila. Kwa mtoto wa kabaila ile ni kura, na kura zinahitajika. Anafungua mlango, anaendelea na safari yake, bila kujua amemfungulia nani. Ukicheza mwelfi kwanza, kisha urudie na asili nyingine, pale gerezani mkono utasita.

Asili hiyo ina kitu kingine ambacho mianzo mingi ya magemu inakosa: inaonekana machoni pa watu wa kawaida. Ukifika Ostagar, mtunza ghala wa jeshi anakudhani mtumishi aliyechelewa na mzigo. Mfalme Cailan, mchangamfu kama kawaida yake, anakuuliza habari za mtaani kwenu, na unaweza kumjibu kwa ukweli mtupu kuhusu ulichomfanyia mwana wa mtawala na kwa nini. Anaduwaa. Kiini cha asili kiko hapo, katika jinsi mtu asiyekujua anavyokutazama. Uwezo wa ziada na nambari kwenye jedwali hauwezi kukupa hilo.

Wawili waliobaki nitawapitia haraka. Mchawi anapata Jowan, rafiki aliyemdanganya, ambaye atamkuta tena Redcliffe akiwa amefungwa kwa kumpa sumu bwana wa pale. Mazungumzo hayo ni mazuri sana, na kurudi kwenye mnara ulioangukia mikononi mwa mapepo, ukiwatambua waliokufa, kunauma. Mwelfi wa porini anampoteza rafiki, Tamlen, mbele ya kioo cha kale, na rafiki huyo anarudi usiku mmoja kambini akiwa si mtu tena. Tukio moja, zito, lakini ni hilo tu. Sehemu iliyobaki ya gemu inamsahau kidogo, mpaka mwishoni anapoweza kuomba ardhi kwa ajili ya watu wake.

Utauliza kwa nini studio hiyohiyo haikurudia mpango huu. Dragon Age II ya 2011 ilikuwa na Hawke peke yake, binadamu, ukoo mmoja. Inquisition ya 2014 ilirudisha uchaguzi wa jamii, lakini asili yako unaisoma kwenye aya fupi tu. The Veilguard ya 2024 ina makundi sita ya kutokea, bila mianzo sita ya kuchezwa. Maoni yangu kama mtu wa kazi hii: shujaa wa Origins hana sauti, na hilo liliokoa mambo mengi. Hawke anasema kila mstari, kwa waigizaji wawili, wa kike na wa kiume. Zidisha hilo kwa jamii tatu na mianzo sita uone bajeti itakavyolia. Kuna na uchungu wa mwandishi: mwanzo unaochezwa mara moja na mchezaji wa kawaida maana yake kazi tano kati ya sita hazionwi naye kabisa.

Larian, studio ya Wabelgiji, walijaribu njia tofauti katika gemu lao la aina hiihii, Baldur's Gate 3, lililotoka Agosti 2023. Pale unaweza kumvaa mmoja wa wenzako wa safari, kama Astarion au Karlach, ambao tayari wana historia. Mimi simshauri mtu afanye hivyo mara ya kwanza. Ukiwa Astarion, unampoteza Astarion: raha ya kumsikiliza akijitetea, akikuficha mambo, akikuumbua, inaondoka kwa sababu wewe ndiye unayechagua maneno yake. Asili inayofanya kazi vizuri mle ni Dark Urge, mtu asiyekumbuka alikotoka, mwenye kiu ya kuua ambayo hakuitaka. Deni lake linamdai usiku kambini, na linashika hadithi kuu hadi mwisho.

Tukirudi Ferelden, jambo la vitendo kwa aliyeshachagua. Ukishatoka kijiji cha Lothering uko huru kupanga safari: Redcliffe, mnara wa wachawi, msitu wa Brecilian au Orzammar. Mdwafu asiende Orzammar kwanza. Acha uonekane mgeni juani kwa muda, upate wenzako, uwe na cheo kinachotambulika, ndipo urudi nyumbani ukiwa mtu ambaye hawakumtarajia. Orzammar ikiwa ya mwisho kabla ya baraza la makabaila, Bhelen anapendeza zaidi kuchukiwa. Mchawi afanye kinyume, aende mnarani mapema, kwa sababu Wynne, mchawi anayeponya, yuko pale na bila tabibu mzuri mapigano ya mbele yatakutoa jasho. Na mwelfi wa mjini asijisumbue kuutafuta mtaa wake. Lango limefungwa hadi karibu na baraza, na siku litakapofunguliwa, atamkuta baba yake ndani ya kizimba cha wafanyabiashara ya watumwa kutoka nchi ya Tevinter.