Wilson wa Uwanja wa Wilson hakuwa mwanamume

Muulize abiria anayesubiri ndege ya Mara au Lamu pale Uwanja wa Ndege wa Wilson, Lang'ata Road, Nairobi: huyu Wilson ni nani? Utatajiwa gavana fulani wa kikoloni, au rubani wa vita. Aliyesoma historia kidogo atakutajia rais wa Marekani.

Ukweli ni kwamba Wilson ni mama. Florence Kerr Wilson, mjane wa kizungu, alianzisha Wilson Airways jijini Nairobi mwaka 1929, akiwa na ndege moja tu aina ya Gipsy Moth.

"Basi mwenye shirika ni yule rubani, Tom Campbell Black." Hili nalisikia hata kwa wapenzi wa ndege, na chanzo chake naona ni kwamba visa vya Campbell Black ni vitamu mno. Mwaka 1931 alimwokoa rubani Mjerumani Ernst Udet aliyekwama Sudan. Alimfundisha urubani Beryl Markham. Mwaka 1934, yeye na C.W.A. Scott walishinda mashindano ya kutoka Uingereza hadi Melbourne, kwa muda usiofika saa 71. Nani atamkumbuka mama aliyetoa mtaji? Lakini bila mtaji huo, Campbell Black asingekuwa na shirika la kurushia ndege Nairobi. Yeye alikuwa rubani mkuu; mwanzilishi ni Bi. Wilson.

(Wapo pia wanaodhani Campbell Black alianguka kutoka angani. La. Septemba 1936 alikuwa ardhini kwenye uwanja wa Speke, Liverpool, ndege ya jeshi ilipomgonga. Zilikuwa zimepita wiki mbili tu tangu mwanafunzi wake Beryl avuke Atlantiki peke yake.)

"Zilikuwa ndege za kuwapeleka matajiri kuwinda." Matajiri walipanda, hilo halina ubishi. Ila shirika lilibeba barua pia, likiiunganisha Nairobi na miji ya pwani, Mombasa hadi Dar es Salaam.

"Lilifilisika." Vita ndiyo iliyolimaliza. Mwaka 1939 ndege na marubani walichukuliwa kwa kazi za kijeshi, na mwaka uliofuata shirika likafungwa. Anga haikukaa wazi muda mrefu: East African Airways ilianza 1946, ikavunjika 1977, mwaka ule ule ilipozaliwa Kenya Airways. Kwa hiyo anayesema usafiri wa ndege Kenya ulianza 1977 amekosea kwa karibu nusu karne.

Uwanja wenyewe ulipewa jina la Wilson mwaka 1962. Uhuru ulipokuja mwaka uliofuata, majina ya kikoloni yalianza kung'olewa, hata Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. La Wilson halikuguswa. Mimi nahisi lilisalimika kwa sababu wengi hawakujua ni la nani.