Ukimwamsha, simama miguuni

Swali la kwanza ninalomuuliza mke wa mwanajeshi aliyerudi kutoka Somalia halimhusu mume. Namuuliza: wewe unalala wapi? Wengi huinamisha kichwa. Mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ana miezi minne analala na watoto. Usiku mmoja alimtikisa mumewe begani ili amwamshe, na kabla hajamaliza kumwita, mikono ya mume ilikuwa shingoni mwake. Mume alipozinduka, alilia kuliko yeye.

Natoa ushauri nasaha kwa familia za wanajeshi hapa Kenya. Vikosi vyetu vilivuka mpaka na kuingia Somalia mwezi Oktoba 2011, na baada ya kambi yao ya El Adde, huko Somalia, kushambuliwa alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016, waliokuja kwangu walikuwa wa aina mbili: waliofiwa, na waliorudishiwa mtu wao akiwa mzima wa mwili. Hawa wa pili ndio waliosahaulika. Jirani anakwambia, "Mshukuru Mungu, wako amerudi," na tangu hapo huna tena pa kulalamikia.

Ubongo wa mtu aliyekaa kambini miezi mingi akisikilizia kombora hujifunza kutenda kabla ya kufikiri. Kutenda huko ndiko kulikomweka hai. Tabu ni kwamba ubongo huo haujapata habari kuwa sasa yuko Gilgil na familia yake. Kifuniko cha sufuria kikianguka jikoni, mwili unajibu kwanza, akili inafika baadaye. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja, pamoja na jinamizi, hasira za ghafla na kukwepa chochote kinachokumbusha vita, huo ni ugonjwa. Wataalamu wa Marekani waliupa jina rasmi, PTSD, yaani ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, mwaka 1980, miaka michache baada ya vita vya Vietnam. Si laana, wala si uoga.

Na unatibika. Tiba yenye nguvu zaidi ni mazungumzo na mtaalamu, ambapo mgonjwa analirudia tukio kidogo kidogo hadi linakuwa kumbukumbu kama nyingine. Mara nyingi ni vikao kama 12. Kinachoniuma ni vidonge vya usingizi. Mteja wangu mmoja alipewa diazepamu na hospitali moja kwa karibu mwaka mzima, na hakuna aliyemuuliza alichokiona. Dawa hizo haziponyi kiwewe, na mwili huzizoea. Ila ukiwa unazitumia usiziache ghafla, ni hatari. Daktari azipunguze polepole.

Nyumbani, usimguse aliyelala. Washa taa kwanza, simama upande wa miguu, mwite jina lake. Akitaka kiti kinachotazama mlango, mwachie. Usimlazimishe kusimulia, lakini watoto waambieni ukweli mfupi: baba anashtuka kwa kelele, si kosa lenu. Akianza kunywa pombe ili alale, usingoje. Na ukiogopa kwamba anafikiria kujiua, muulize waziwazi. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Wengi wameniambia walikuwa wakilisubiri. Akikubali, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Nawe mke, mikono ikifika shingoni, toka na watoto kwanza. Kumpenda mgonjwa hakukudai ufe.

Yule mama alikuja na mumewe kuanzia kikao cha tatu. Sasa amerudi chumbani kwao. Fundi amewahamishia swichi ya taa, iko karibu na mlango, upande wa miguu.